Kwa makarani wapya wa mizani ya korosho

Mnada wa kwanza haujafika, na yale yale yameanza kurudiwa. Gunia linapanda mizani, linashuka, ndipo karani anatafuta kalamu. Mzee wa watu anaulizwa jina mara tatu. Wapakiaji wanafokewa kama watoto. Wadogo zangu, Oktoba haijaisha na sauti zenu zimeshakauka. Hizo Novemba na Desemba mtazivuka na nini?

1. Salamu kabla ya mizani. Hapa Newala, Tandahimba, hata ukivuka kwenda Nachingwea, gunia halipandishwi kabla mwenye gunia hajasalimiwa. "Shikamoo mjomba" inakuokolea nusu saa ya ubishi. Ila ujue unachosema. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba ndiye mwenye kauli kwenye ukoo. Ukishamwita hivyo umejifanya mpwa, na dakika mbili baadaye mpwa huyo huyo anatakiwa kumwambia korosho zake mbichi. Hapo ndipo wengi tunaanguka.

2. Kupokea kwa kuona haya. Kosa hili halina mjanja. Kila aliyekaa mizani amelifanya, na anayekataa ana msimu mmoja tu kazini. Mzee kafika jua linazama, gunia saba, katoka mbali, kakuita mwanangu. Unatia mkono gunia la kwanza, juu pakavu. Chini hugusi, kwa sababu kugusa chini ni kama kumwita mwizi. Unapima, unaandika, unashukuriwa. Usiku unalala vizuri kabisa.

Sasa piga hesabu. Korosho ya kuhifadhi iwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Tuseme umepokea kilo 1,000 zenye asilimia 14. Kilo 140 ni maji, kitu chenyewe ni kilo 860. Zikikauka hadi asilimia 9, mzani wa ghala kuu utasoma kama kilo 945. Kilo 55 zimepeperuka, na kwenye vitabu vya chama cha ushirika zipo kwa maandishi yako. Utaita unyaufu, lakini unyaufu wa halali hauli hivyo kwa mkupuo. Na hapo hatujagusa ubora: gunia bichi likilazwa katikati ya makavu linapata joto, ukungu unaingia, kokwa zinaota madoa, outani (ratili za kokwa nzuri kwa gunia la kilo 80) ya shehena nzima inashuka. Yule mama aliyeanika zake siku tatu, akizigeuza kila saa, anaumia kwa gunia asilolijua. Heshima uliyompa mzee mmoja umeitoa mfukoni mwa wenzake.

Wengine wakishaungua hivyo wanageuka simba: "Hizi hazifai, ondoa!" mbele ya foleni nzima. Mzee anaondoka na aibu yake, na kangomba, yule mnunuzi wa magendo, yuko kona ya pili na bakuli lake. Hilo nalo ni kosa, tena baya zaidi, maana umempoteza mkulima na korosho pia.

Kukataa kuna namna yake. Chukua bambo, ile chuma ya kutolea sampuli, choma gunia mdomoni, katikati na chini, kila gunia bila kuruka, awe mzee au kijana, ili asione kaonewa. Weka kiganjani mwake. Bonyezeni ganda kwa ukucha: kavu halibonyei. Zimwage sakafuni: kavu zinalia. Kata nne au tano aone kokwa mwenyewe. Kisha sema habari za korosho, si habari zake: "Mjomba, hizi zinataka jua siku mbili." Sogea pembeni naye, sauti ya chini. Mpe jamvi na kipande cha uwanja wa chama, andika jina lake, akirudi asipange foleni upya. Kama kipima unyevu kipo, mwache asome namba mwenyewe. Ukifanya hivyo kwa watu kumi, wa kumi na moja ataanika bila kuambiwa.

3. Mizani. Sakafu iliyo sawa, sifuri kabla ya kila mkulima, jiwe la kilo 20 asubuhi na mchana. Uzito wa gunia tupu usikisie: pima kumi kwa pamoja, gawa kwa kumi. Taja kilo kwa sauti, mkulima asome, andika gunia likiwa bado juu. Ukikosea, mstari mmoja na saini. Mambo ya kufuta kwa wino mweupe ndiyo yanayoleta mkaguzi. Namba ya akaunti isome kwake tarakimu moja moja. Malipo mengi yanayokwama yalikwamia hapo.

4. Jua outani kwa kichwa. Karani anayeogopa watu wa ghala mara nyingi anaogopa hesabu. Kata kilo 1 ya sampuli, pima kokwa nzuri, ongeza nusu ya zenye madoa, zidisha kwa 0.176. Gramu 262 nzuri na 20 za madoa: 262 na 10 ni 272, jibu ni ratili karibu 48 kwa gunia la kilo 80. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, ghala kuu wakisoma 45 huna haja ya kupandisha sauti. Omba sampuli ya pili ikatwe wote mkiwepo, lori likiwa halijashushwa. Likishashushwa, unabishana na ukuta.

Mpigie mtunza ghala jioni ya kabla, umwambie magunia mangapi na lori lipi. Mtu anayeshtukizwa na lori saa kumi na mbili jioni hakupokei kwa wema.

5. Wapakiaji. Wajue kwa majina. Hesabu ya magunia ifungwe jioni hiyo hiyo, wao wakihesabu pamoja nawe, na hela yao isilale. Ukiwa na la kumkosoa mmoja, subiri wakati wa chai. Na usijitie kubeba gunia kuonyesha uongozi. Utaumia mgongo na watakucheka mpaka msimu ujao.

6. Magunia matupu. Yahesabu kabla hujafunga mlango, yafunge ishirini ishirini, weka saini na mlinzi naye aweke yake.