Muulize Msusi: Kalikiti ya Mama Ukutani

*Dada Msusi, habari za siku. Binti yangu anaolewa Desemba na sendofu tunaifanyia hapahapa Kirumba. Kamati imeomba picha za zamani za wazazi zirushwe ukutani kwa projekta. Basi huyu mtoto kachimbua sandukuni picha tuliyopiga studio mwaka 1988, mimi na baba yake tukiwa wachumba. Nina kalikiti, zile nywele za mawimbi ya dawa, inang'aa, inachuruzika hadi kola ya gauni imelowa, na mabegani nimejaza sponji. Mwenzangu naye ana kalikiti, shati kafungua vifungo mpaka karibu na kitovu. Watoto wamecheka hadi machozi. Dada, naona haya. Wakwe watanielewaje? Niichane?*
Mama wa bibi harusi, Kirumba

Mdogo wangu, usihangaike kuichana. Binti keshaipiga kwa simu, na hivi ninavyokujibu najua imeshafika kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Halafu hao wakwe unaowaogopa, mama yao ana umri gani? Kama ni wa rika letu na aliishi mjini, naye anayo yake. Mtafute umuulize.

Hao wanaocheka hawajui kile kichwa kilikuwa kazi ya siku nzima. Ngoja niwaeleze, nilisuka na kupaka dawa miaka hiyo. Kwanza inapakwa krimu ya kulainisha, harufu yake yai viza halisi, jirani wa mlango wa pili anajua leo kuna mtu anapendezeshwa. Unasuuza. Kisha nywele unazigawa fungu moja moja, unaviringisha kwenye vijiti vya plastiki kuanzia utosini hadi kisogoni, unatia dawa tena. Ukimaliza unamwagia ile ya kuzishikisha zibaki na mawimbi. Mteja kainamia beseni, shingo inamuuma, macho yanawasha, na hasemi neno kwa sababu keshalipa.

Na hapo ndiyo kwanza gharama zinaanza. Kalikiti bila maji yake ya kupuliza inakauka na kusimama. Yale maji yalikuwa na gliserini, na gliserini kazi yake ni kuvuta unyevu. Sasa mweke mtu wa gliserini kando ya ziwa, kwenye jua la saa nane, achuruzike asichuruzike? Usiku analala na mfuko wa plastiki kichwani. Mchana vumbi lote la Mabatini linamng'ang'ania. Vile vitambaa vya kufuma vilivyotandikwa juu ya migongo ya makochi, mabinti wa leo wanadhani ni urembo mtupu. Waulize mama zao waliokuwa wakivifua kila Jumamosi baada ya wageni wenye kalikiti kuondoka!

Mtindo wenyewe ulitoka Marekani. Msusi mmoja aliyeitwa Jheri Redding ndiye aliyeuanzisha, kule ukawa wa saluni na bei yake haishikiki, mpaka mfanyabiashara Comer Cottrell alipouweka kwenye boksi mtu ajipakie nyumbani. Kwetu umefika nchi ndiyo kwanza inapumua. Unakumbuka? Biashara ilianza kulegezwa 1984, na kabla ya hapo tulipanga foleni ya khanga, foleni ya sabuni, hata ya dawa ya meno. Mtu aliyekosa sabuni ya kuogea miaka michache nyuma, leo ana chupa ya kupulizia nywele kwenye mkoba, unataka asiende studio? Na shati la mzee, kwa jinsi ulivyonieleza, hilo ni kafa ulaya, yaani mtumba, na siku hizo kuvaa kafa ulaya zuri ilikuwa habari.

Niseme jingine kwa wasichana wanaotaka kuirudisha, maana nawaona wanaulizia. Kama kichwa kina dawa ya kunyoosha, hasa ile yenye sodiamu haidroksidi, usikipake kalikiti juu yake. Dawa hizo mbili hazipatani kabisa, nywele zinakatika kwenye shina, zinabaki mkononi mwa msusi. Miaka ile nimewafunga vilemba wengi waliopitia kwa mafundi wa haraka.

Picha ambazo mimi nisingeruhusu zirushwe ukutani ni za mkorogo. Uso mweupe, vidole vyeusi, na sisi tuliwaita warembo. Zile krimu zilikuwa na zebaki, zilikuwa na haidrokwinoni, na wapo wenzetu ambao ngozi yao mpaka leo haijapona. Hapo sicheki. Yako ni maji ya gliserini tu, yalikauka zamani. Mwambie MC aonyeshe yako na ya mama mkwe kwa pamoja, ukumbi uamue nani alilowa zaidi.

*Shikamoo Mama Msusi. Babu anasema enzi zao vijana wa TANU walikuwa wakiwakamata wasichana kwa sababu ya sketi fupi na mawigi. Ni kweli au ni chai?*
Mwanafunzi, Sengerema

Marahaba mwanangu. Si chai. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU kule Dar es Salaam walitangaza Operesheni Vijana, ianze rasmi tarehe 1 Januari 1969. Walikataza sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana, wakisema vinaharibu utamaduni wa taifa. Hata tarehe haijafika, wasichana walishaanza kuvamiwa Kariakoo. Kwenye krimu naungana nao. Kwenye sketi, aibu ni ya aliyemrarulia mwenzake nguo stendi mchana kweupe. Na uone vijana walivyo: suruali za kubana zikapigwa vita, baada ya muda mfupi wakaja na bugaluu, suruali pana chini zinazofagia barabara, na raizoni, viatu vya soli nene, chini yake.

*Mama, shikamoo. Nimerithi bugaluu ya babu, rangi ya maziwa ya chai. Kiuno kinanitosha, ila huku chini ni pana mno. Chuo tuna usiku wa mavazi ya zamani. Nimpelekee fundi aibane kidogo?*
Kijana wa Nyegezi

Marahaba. Ukiibana inakuwa suruali ya kawaida ya mtu mwenye rangi mbaya. Iache. Kiuno kipande juu, karibu na kitovu, si pale mnapovalia ninyi. Kwa vile ni ya miaka ile, huenda ni tetroni, kitambaa cha poliesta, kwa hiyo usiipige pasi kavu, itang'aa mapajani. Weka kitambaa kibichi juu yake na pasi isiwe ya moto sana. Raizoni za kweli sidhani kama utazipata, lakini pita soko la mitumba la Mlango Mmoja asubuhi wanapofungua marobota, uliza viatu vya kike vya soli nene namba kubwa. Pindo liguse soli. Likizidi hapo utalikanyaga kwenye ngazi, na hiyo suruali ni ya babu.