Kabla hujafunga kibanda chako Kibirizi uende loji, uliza Aprili utalipwa na nani

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una kibanda cha miamala ya simu Kibirizi, hapa Kigoma, umeitwa usaili kwenye loji mpya inayojengwa ufukweni, na ukipita utaanza kama mhudumu wa vyumba. Unataka kujua ukubali au ubaki na kibanda, na pale mwishoni ukauliza kama ubebe godoro. Waliokujibu kabla yangu wamegawanyika: hawa wanasema utalii ni dola, wale wanasema wawekezaji ni wanyonyaji tu. Kwa ninavyowasoma, hakuna aliyewahi kulala kambini. Mimi nimelala huko miaka 9, 2011 hadi 2020, kambi mbili tofauti za watalii za Ziwa Tanganyika hilihili. Majina nayahifadhi. Sasa hivi nina duka la vifaa vya umeme Mwanga, hapahapa mjini Kigoma.

Dola zipo, tusidanganyane. Lakini utalii wa huku mwisho wa reli si ule wa Arusha. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu 1968, Mahale tangu 1985, na zote mbili zinauza kitu kimoja kikubwa: sokwe. Sokwe hawaoneshwi kwa mabasi. Wageni wanaingia vikundi vidogo, wanakaa nao saa moja, wanatoka. Kwa hiyo mwekezaji wa huku anaishi kwa wageni wachache wanaolipa sana, na nafasi za kazi nazo zinakuwa chache. Utaajiriwa mhudumu wa vyumba, lakini utabeba mizigo kutoka kwenye boti, utamenya viazi na jioni utawasha taa za njiani. Hilo mimi halikunisumbua, kazi ni kazi.

Kilichonisumbua ni masika. Mvua zikikolea wageni wanakatika, na kambi nyingi za kusini zinafunga kuanzia katikati ya Machi mpaka mwisho wa Mei hivi. Kwenye kambi ya kwanza tulikuwa na mikataba ya miezi tisa. Machi unarudisha sare, unaambiwa "tutaonana Juni", unapanda boti. Juni unasaini karatasi mpya yenye tarehe mpya. Nilisaini mara tano. Siku ya kusaini nilikuwa nafurahi kama mtoto, maana wengine walikuwa hawaitwi tena.

Mwaka 2016 na mimi sikuitwa. Nikakumbuka kuna kitu kinaitwa kiinua mgongo: sheria ya ajira ya 2004 inataja siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliokamilika wa utumishi wa mfululizo, mwisho miaka 10. Nikaenda kwa mhasibu wao aliyekuwa mjini. Akanitazama kwa huruma ya kweli kabisa, akasema, "Kaka, wewe huna mwaka hata mmoja uliokamilika. Una miezi tisa mara tano." Nilipopata akili ya kwenda CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ilikuwa siku ya arobaini na kitu, na malalamiko ya kuachishwa kazi yanatakiwa kufika pale ndani ya siku 30. Baadaye sana ndipo nikajua kwamba ile miezi sita ya kwanza ambayo mtu hana kinga ya kuachishwa isivyo halali, sheria inaihesabu kwa mwajiri yuleyule, iwe kwa mkataba mmoja au zaidi. Kwa hiyo ile mikataba mitano haikuwa bure kama nilivyodhani. Sikujua, nikanyamaza.

Kuna atakayesema hata mvuvi ana msimu. Ni kweli. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa wavuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na hata ziwa likiwa wazi mbalamwezi ikipanda vipe, yale maboti ya kuvulia dagaa kwa taa, vinapumzika. Tofauti ni kwamba mvuvi wa dagaa anakula mgawo na hakuna aliyewahi kumpa kitambulisho cha kazi na kumwita mwajiriwa.

Kambi ya pili ilikuwa na mahema manane tu, mtaji mdogo ukilinganisha na ile ya kwanza. Hapo nilipewa mkataba usio na ukomo. Masika wageni wakikatika, nusu yetu tulikwenda likizo ya siku 28 tukaunganisha na siku za ofu tulizolimbikiza, nusu wakabaki kupaka maboti rangi na kubadilisha makuti, kisha tukapokezana. Bakshishi inakauka, unabaki na mshahara mkavu, lakini Aprili mwanangu alilipiwa ada. Ndiyo maana sibabaishwi na mtu anayeniambia mwekezaji ameleta mabilioni. Yale mabilioni yapo kwenye bwawa la kuogelea.

Sasa nikueleze kitu ambacho sijaona mtu akikigusa hapa. Sokwe wanaambukizwa mafua yetu. Mwaka 2006 kule Mahale sokwe kadhaa walikufa kwa ugonjwa wa njia ya hewa, na virusi vilivyopatikana vilikuwa vya jamii inayowapata binadamu. Ndiyo sababu mgeni anavishwa barakoa, anaambiwa asisogee, na akiwa na mafua anabaki kambini. Mfanyakazi naye hivyohivyo. Kambi ya kwanza vijana wanaotangulia alfajiri kuwatafuta sokwe walikuwa deiwaka, analipwa siku aliyopanda mlima. Wengi ni Watongwe, watu wenye milima yao, anasikia mlio bondeni anakwambia ni kundi lipi na linaelekea wapi. Kijana wa namna hiyo akiamka anakohoa, atasema? Akisema, siku hiyo hana hela. Niliwahi kumwona mmoja akitafuna tangawizi mbichi ili asikohoe mbele ya meneja, kisha akapanda. Sikumsema. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri.

Kambi ya pili kijana kama huyo alikuwa ameajiriwa. Akiwa na mafua anasema saa kumi na moja asubuhi bila wasiwasi, anabaki kutengeneza mitego ya panya stoo, mshahara unaendelea. Sheria inampa mwajiriwa hadi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, nusu ya kwanza kwa mshahara kamili, nusu ya pili kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Deiwaka wa kambi ya kwanza hakupewa hata siku moja kati ya hizo. Huwa najiuliza mtu anawezaje kumwaga fedha zote hizo kwa ajili ya sokwe, halafu akabania posho ya siku moja ya kijana mwenye kikohozi.

Saa za kazi nitapita haraka. Sheria inasema saa 45 kwa wiki na zisizidi 9 kwa siku, zikizidi ni ovataimu, mara moja na nusu. Kambini unaamka saa kumi na moja alfajiri, mgeni wa mwisho analala saa nne usiku, na meneja atakwambia mchana ulipumzika. Kubaliana nao mapema pumziko ni lipi. Na usitegemee umeneja: nafasi za juu zitajazwa na watu waliosoma Arusha au waliotoka Kenya, wewe utapanda polepole, Kiingereza chako ndicho kitaamua. Lugha nilijifunza kwa wageni wenyewe, nikiwasha taa zile za njiani.

Kwa hiyo usaili ukifika, acha kuuliza mshahara kwanza. Uliza mkataba unasainiwa na loji yenyewe au na wakala wa mjini. Mimi nimeona watu waliosainiwa na wakala: loji inasema si wetu, wakala anasema loji haijalipa. Uliza Aprili unakuwa nani. Na ukishaanza, kila baada ya miezi michache hakiki michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10 yako na 10 ya mwajiri. Makato kuonekana kwenye karatasi ya mshahara hayathibitishi kwamba yamefika.

Kibanda usikifunge. Mpe ndugu yako akishike mpaka masika ya kwanza ipite, ndipo utajua umeajiriwa au umeazimwa. Mimi 2020 wageni walipoacha kuja kwa ajili ya korona, kambi ya pili ilitulipa nusu mshahara miezi mitatu, kisha ikatupunguza. Nilikuwa na miaka minne kamili, wakanihesabia siku 28. Si utajiri. Ilinunua katoni za kwanza za nyaya na swichi nilizofungulia duka hili.

Na godoro usibebe, wanatoa. Beba chandarua chako, chao huwa kimetoboka.