Dawa moja, magonjwa kumi: kwa mnaoanza kusoma Ayurveda

Wadogo zangu mnaojiandaa kwenda India, huko Jamnagar, Varanasi au Pune, kuchukua BAMS, shahada ya Ayurveda, tiba ya jadi ya India, mmeshaambiwa kwamba kozi ni miaka mitano na nusu, mwaka wa mwisho ukiwa wa mafunzo ya vitendo, na kwamba Kisanskriti kitawatoa jasho. Kitawatoa kweli, ila mtakizoea. Kinachowachanganya wengi kwa muda mrefu zaidi ni kitu kingine: daktari anaandika dawa ile ile kwa mgonjwa wa ngozi, kwa mgonjwa wa ini na kwa mama aliyekuja kulalamikia unene, na hakuna anayeshangaa isipokuwa wewe.

Vitabu navyo vinaongeza utata. Mwisho wa maelezo ya kila dawa kuna sehemu iitwayo phalashruti, ambayo inataja faida zake. Humo mtakuta kikohozi, bawasiri, homa, minyoo, uvimbe wa tumbo na magonjwa ya ngozi, vyote chini ya kidonge kimoja. Mwanafunzi aliyetoka kidato cha sita na kemia yake kichwani huchukua njia moja kati ya mbili: ama anaikariri orodha yote na kuiamini, ama anaicheka. Nimewaona wa aina zote mbili wakikwama mwaka wa tatu, wanapoanza kukaa kliniki, kwa sababu ile ile. Wote wanadhani orodha inasema dawa inaua ugonjwa huu, na huu, na huu.

Orodha haisemi hivyo. Katika Ayurveda jina la ugonjwa linaandikwa kwenye faili, lakini dawa inachaguliwa kwa samprapti, yaani jinsi ugonjwa ulivyojijenga: ni dosha ipi, yaani nguvu ipi ya mwili, imevurugika kati ya vata (ya upepo na mwendo), pitta (ya joto na usagaji) na kapha (ya ute na uzito), imepita njia zipi za mwili, imetua kwenye dhatu gani, yaani tishu za mwili, kati ya zile saba, na agni, uwezo wa mwili kusaga chakula, uko katika hali gani. Magonjwa mawili yenye majina tofauti yanaweza kuwa yamejengeka kwa hatua zinazofanana, na dawa inalenga zile hatua. Ndiyo maana Charaka, mwandishi wa kale wa kitabu cha msingi cha Ayurveda, anamwambia tabibu asione aibu akishindwa kuupa ugonjwa jina, kwani si kila ugonjwa una jina lake la kudumu. Na Vagbhata, mwandishi mwingine wa kale, anapouhusisha ugonjwa wowote na udhaifu wa agni, unaelewa kwa nini nusu ya dawa mtakazosoma zinaanza kazi tumboni hata kama mgonjwa amekuja na goti.

Mimi haya niliyaelewa kwenye dirisha la dawa la hospitali ya chuo kuliko darasani. Pale karatasi zinapita mbele yako mfululizo, na ukiwa na jicho unaanza kuuliza kwa nini.

Chukueni Arogyavardhini. Ni kidonge cheusi, kichungu cha kukunjisha uso. Karibu nusu ya uzito wake ni katuki, mzizi wa mmea wa Himalaya. Kuna triphala na guggulu, ambazo nitazieleza mbele, shilajatu, yaani lami itokayo kwenye miamba ya milimani, mzizi wa chitraka, na bhasma, yaani majivu ya dawa, za chuma, shaba na mika, pamoja na zebaki iliyosagwa na salfa mpaka ikawa unga mweusi uitwao kajjali. Mchanganyiko wote husagwa tena kwa maji ya majani ya mwarobaini. Sasa tazameni wagonjwa watatu wa aina mtakayoiona kila wiki.

Wa kwanza ni kijana mwenye ukurutu unaotoa majimaji na kuwasha. Ulimi wake una utando mzito mweupe, choo anapata kwa taabu, chakula chake kikubwa ni cha saa nne usiku. Wa pili ni dereva wa lori. Ultrasound imeonyesha mafuta kwenye ini, hana hamu ya kula, anasikia uzito upande wa kulia chini ya mbavu. Wa tatu ni bibi mwembamba, ngozi imekauka na kupasuka, inamwasha kuliko hata yule kijana, na usingizi hapati.

Kijana na dereva wote wanatoka na Arogyavardhini. Kwenye faili mmoja ni mgonjwa wa ngozi, mwingine wa ini. Lakini kwa wote wawili agni imelegea, chakula kisichosagika vizuri kimeacha kile kiitwacho "ama", yaani uchafu mzito, na pitta na kapha zimekwama. Katuki inasukuma nyongo na kulainisha choo, vingine vinayeyusha uzito. Hapo ndipo safari zao zinapokutana. Baada ya hapo zinaachana. Kijana anaongezewa mmea wa manjistha kwa ajili ya damu na ngozi, dereva anaongezewa mmea wa punarnava. Kijana anakatazwa samaki pamoja na maziwa, jambo ambalo mtu wa pwani atalisikia kama adhabu, na dereva anaambiwa apunguze vya kukaanga na atembee.

Bibi je? Naye ni mgonjwa wa ngozi kama kijana, jina lile lile kwenye rejista, na anayempa Arogyavardhini anamwongezea ukavu juu ya ukavu. Yeye huandikiwa samli iliyopikwa na mimea michungu, tikta ghrita, na kupakwa mafuta mwilini. Swali la kujiuliza mbele ya karatasi yoyote ya daktari basi ni hili: wagonjwa hawa wawili wanakutana wapi ndani, na wanaachana wapi? Ukilijibu hilo kwa dawa ishirini hivi za kawaida, phalashruti zilizobaki utazisoma bila kuzikariri.

Kuna jambo la pili ambalo wageni hulidharau, nalo ni anupana, kile kinachonywewa pamoja na dawa. Triphala mnaijua hata kabla ya kufika: haritaki, bibhitaki na amalaki, matunda matatu yaliyokaushwa na kutwangwa. Unga wake kwa maji ya uvuguvugu wakati wa kulala ni dawa ya choo. Kwa asali unapewa mtu mnene mwenye kapha nyingi. Kwa samli na asali, visivyolingana uzito, unapewa usiku kwa ajili ya macho. Ukichemshwa na kuchujwa vizuri, maji yake yanasafishia kidonda. Kopo ni lile lile, ila anayeandika triphala bila kuandika itumiweje ameandika nusu ya dawa. Mwenye dirisha atakurudishia karatasi, na ana haki.

Saa nayo inahesabika. Dawa ya matatizo ya choo, mkojo au hedhi hutolewa kabla ya chakula kwa kuwa inakusudia apana, vata ya sehemu ya chini. Ya usagaji hutolewa pamoja na mlo. Hingvashtak, ambayo ni mvuje, tangawizi kavu, pilipili manga, pilipili ndefu, ajamoda, jira za aina mbili na chumvi ya mawe, huchanganywa na samli na kuliwa na tonge la kwanza la wali. Mgonjwa wa gesi akiila baada ya kushiba, asije akailaumu dawa.

Guggulu itawafundisha upande wa pili wa jambo hili. Ni utomvu wa mti wa jamii moja na manemane yetu. Ukiunganishwa na mmea wa guduchi na triphala unakuwa Kaishora, ya gauti na ngozi. Ukiunganishwa na gome la mti wa kanchanara unapewa mwenye uvimbe wa tezi shingoni. Kwa mmea wa gokshura unaelekea kwenye mkojo, na kwa mimea ya dawa iitwayo Yogaraja unaelekea kwenye maungo. Utomvu unabaki kuwa mpenyezi na mwenye kupunguza uvimbe. Wenzake ndio wanaouonyesha pa kwenda. Msizikariri kama dawa nne. Karirini moja, kisha muangalie rafiki zake.

Siku mkiingia chumba cha kutengenezea dawa, ombeni mpewe Sitopaladi. Hesabu yake ni nzuri kuliko ya dawa nyingine yoyote: sukari mawe mafungu 16, vamshalochana 8, pilipili ndefu 4, iliki 2, mdalasini 1. Inatolewa kwa asali kwa kikohozi cha makohozi, kwa asali na samli kwa kikohozi kikavu, na pia kwa mtu aliyepoteza hamu ya kula baada ya homa. Vamshalochana halisi hutoka ndani ya vifundo vya mianzi, ni adimu na ghali, kwa hiyo sokoni mara nyingi huwekwa wanga wa tavakshira mahali pake. Mkisikia dawa imeshindwa, ulizeni kwanza ilitengenezwa na nini.

Sasa niseme upande ambao baadhi ya walimu huupita mbio. Fikra hii ya kutibu hatua za ndani ni nzuri mno kwa kuelezea, na hapo ndipo inapoweza kukudanganya. Mgonjwa akipona, unasema samprapti ulikuwa umeisoma sawasawa. Asipopona, unasema kumbe vata nayo ilikuwemo, unabadili dawa. Kwa mtindo huo hutakosea maisha yako yote. Ninachowashauri ni kuandika kwenye faili, kabla mgonjwa hajachukua dawa, ni kitu gani kitawaonyesha kwamba haifanyi kazi na baada ya wiki ngapi. Kwa ini ni vipimo vya damu. Kwa kisukari ni HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari kwenye damu, baada ya miezi mitatu, siyo mgonjwa kusema anajisikia mwepesi. Kwa ngozi ni picha mbili zilizopigwa mahali pamoja kwa mwanga ule ule.

Sheria ya India yenyewe haiziamini orodha ndefu. Ile ya mwaka 1954 kuhusu matangazo ya dawa za miujiza inakataza kutangaza tiba ya magonjwa 54, kisukari na saratani yakiwemo. Kwa hiyo sentensi unayoisoma kwenye phalashruti bila wasiwasi inaweza kuwa kosa la jinai ukiiweka kwenye bango.

Halafu kuna madini. Arogyavardhini niliyoisifu hapo juu ina zebaki na shaba. Mabingwa wa rasashastra, elimu ya dawa za madini, watawaambia kwamba bhasma iliyoandaliwa vizuri haidhuru. Mimi nasema ipimwe maabara, na isiguswe na mjamzito, mtoto wala mwenye figo mbovu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda madukani katika eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 kati yake zina risasi, zebaki au aseniki. Mimea mitupu nayo ina mambo yake. Mwaka 2021 madaktari wa ini wa Mumbai waliripoti wagonjwa walioumia ini baada ya kutumia guduchi, iliyokuwa ikinywewa kila nyumba wakati wa korona. Mzizi mtamu wa yashtimadhu, ukitumiwa kwa wingi na muda mrefu, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Pilipili ndefu na pilipili manga zina piperini, ambayo huongeza kiasi cha dawa kama fenitoini ya kifafa na propranololi ya presha kinachoingia kwenye damu. Dawa inayoandikwa kwa magonjwa mengi inakutana na watu wanaomeza dawa nyingi, kwa hiyo swali la kwanza kwa mgonjwa liwe: unatumia nini kingine, na leta pakiti niione.

Mkirudi nyumbani mtakuta mambo mawili. Kwa Tanzania mnatakiwa kujisajili kwa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya sheria ya mwaka 2002, kabla ya kuweka kibao mlangoni. Nchi nyingine zina utaratibu wao. Ulizeni mapema, mkiwa bado mwaka wa nne, maana karatasi nyingine zinahitaji mihuri ya chuo na chuo kiko mbali.

La pili halisubiri mrudi. Ndugu wataanza kupiga simu mkiwa bado hamjajua hata kutofautisha haritaki na bibhitaki. Shangazi yuko Tanga, ana kisukari, jirani amemwonyesha kopo lililoandikwa linatibu sukari, presha, nguvu za kiume na macho, anataka kujua kama ni zuri. Usimjibu kwa jina la dawa. Muulize anapataje choo, analala vipi, anakula saa ngapi, figo zilipimwa lini, na anatumia vidonge gani. Mwambie asiache metformin wala sindano ya insulini hata siku moja. Na lile kopo amwombe jirani alipige picha upande wa nyuma, palipoandikwa viambato, akutumie. Kama nyuma hapana kitu, mwambie asilinunue.