Wimbo wake ukipigwa, nashuka kwenye bajaji

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, ni fundi umeme hapa Nkuhungu, Dodoma. Nilisoma sekondari na mwanamuziki ambaye sasa hakauki redioni. Bwenini tulikuwa na gitaa moja, tukipokezana, na daftari moja la nyimbo. Mwaka 2016 yeye akaenda Dar, mimi nikabaki kumuuguza mama. Nilirekodi nyimbo mbili, hazikufika popote. Wimbo uliomtoa yeye, kiitikio tulikitunga wote, kimo kwenye lile daftari. Majuzi alikuja kupiga shoo Uwanja wa Jamhuri, akanitumia ujumbe: "Njoo, jina lako liko getini." Nikausoma, sikujibu, sikwenda. Wimbo wake ukianza kwenye bajaji nashuka kabla sijafika. Shangazi, nimekuwa na roho mbaya?*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika hapo kwenye bajaji nakwama. Mtu analipa nauli nzima, anashuka, anatembea kwenye jua la Dodoma kwa ajili ya kukimbia sauti ya rafiki yake. Kijicho kimo, sitakuficha. Ila zaidi namwona mtu aliyefiwa akakosa pa kuweka matanga. Ulikuwa na ndoto, imekufa, na hakuna aliyekuja kukupa pole.

Basi pole, baba.

Sitakwambia subira yavuta heri. Muziki ulikuhitaji Dar miaka ile ile mama alipokuhitaji kitandani pake, na ukachagua. Ulichagua vizuri. Lakini usimtwishe mama mzigo wote. Zile nyimbo mbili watu walizisikia, hazikuwashika. Hilo ndilo linalokuuma zaidi, nadhani, maana umeliandika kwa sentensi moja ukakimbia.

Sasa kiitikio. Hapa sitaki ujione mtu wa kuombaomba. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua watu waliotunga kazi pamoja, na COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ipo kwa mambo kama haya. Hilo daftari lenye miandiko yenu wawili lisipotee. Lakini kabla ya ofisi, jiulize unachotaka: fedha, au aseme mbele za watu kwamba mlitunga wote? La kwanza lina utaratibu wake. La pili anaweza kukupa yeye peke yake, na hujawahi kumwomba. Huenda hajasahau. Mtu aliyesahau haandikishi jina lako getini.

Mimi niliwahi kukataa kwenda kwenye harusi ya mwenzangu wa chuo cha ualimu, kwa sababu alipata nafasi niliyoililia. Nilisingizia homa. Sasa ni zaidi ya miaka 20, tunasalimiana sokoni kama watu waliopishana njiani, na ile nafasi yenyewe wala siikumbuki vizuri. Yeye ndiye ninayemkumbuka.

Kingine: hukuniambia kama bado unapiga. Uko Ugogo, mwanangu! Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, mtoto wa Doduma, alizipeleka ala za kwetu, ilimba na zeze, hadi Ulaya na Marekani kabla ya kufariki mwaka 2003, na tunamwonea fahari. Lakini nenda pale Chamwino wanawake wakicheza muheme, ngoma wameibana mapajani, jasho linawatiririka. Hakuna anayemuuliza mwenzake kama ametoboa. Wewe ulipoona hujatoboa, uliacha kuwa mwanamuziki, au uliacha kupiga tu? Kanisani, kwenye kikundi cha vijana, uani na wanao, gitaa halihitaji redio.

Ujumbe wake usiuache ukalala tena usiku mwingine. Usimpambie maneno ya pongezi ambayo hujayafikia bado, atayasikia yamekauka. Mwandikie hivi: "Nilikusoma. Sikuweza kuja, iliniuma kukuona kule juu mimi nikiwa huku. Daftari letu ninalo." Piga picha ukurasa wa kile kiitikio, uiambatanishe, utume. Mambo ya haki mtayaongea mkishaonana uso kwa uso, na hapo useme wazi unachodai, usimung'unye.

Kisha niandikie tena, uniambie alijibu nini, na kama hilo gitaa bado lina nyuzi zote sita.