Jibu: Kuonyesha ukatili usioacha jeraha

Ndugu, umeuliza msanii anawezaje kuonyesha ukatili wa kila siku dhidi ya wanawake bila kuigiza kipigo. Mtazame Yoko Ono, msanii wa Kijapani. Mwaka 1964, huko Kyoto, Japani, aliketi kimya jukwaani, mkasi mbele yake, akawaalika watazamaji wapande mmoja mmoja kukata vipande vya nguo aliyovaa. Alilirudia onyesho hilo New York mwaka 1965, nalo lilirekodiwa: wengine wanakata kidogo, kwa haya, kisha mwanamume mmoja anakata na kukata hadi kamba za sidiria, na hakuna anayepanda kumzuia. Hapo ndipo nilipoelewa, na inaniuma hadi leo, jinsi ruhusa inavyozaa ukatili.

Suzanne Lacy naye, msanii wa Marekani, huko Los Angeles mwaka 1977, aligonga mihuri kwenye ramani ya jiji kila palipotolewa taarifa ya ubakaji, kwa wiki tatu.

Kwa onyesho lako, chagua kitendo kimoja kidogo, labda simu inayokaguliwa kila jioni, ukirudie mpaka mtazamaji ashindwe kukivumilia. Ukitumia simulizi za wanawake halisi, omba idhini yao kwanza na ufiche utambulisho wao. Wengine bado wanaishi na anayewaumiza.