Kapashe joto kwanza, na hilo bomba la sindano liweke mbali

Mkuu uliyetuandikia kutoka Isevya, hako katoto ka sungura, kama hujakanywesha maziwa bado, usikanyweshe. Umeandika kwamba sungura wako amezaa juzi watoto saba, kamoja ni nusu ya wenzake, mama "amewasusa" maana haonekani kwenye boksi, na muuza duka la mifugo amekwambia ukape maziwa ya ng'ombe kwa bomba la sindano. Ukauliza pia kama banda la wavu ni bora kuliko la mbao, na watoto waachishwe lini. Hayo mengine yasubiri, mimi nashika hilo bomba kwa sababu ndilo litakaloua usiku wa leo.

Kwanza, mama hajasusa. Sungura hakai na watoto kama paka. Anaingia kwenye boksi mara moja kwa siku, pengine mara mbili, mara nyingi usiku au alfajiri, ananyonyesha dakika tatu hadi tano, anatoka. Mchana kutwa utamwona amekaa upande mwingine anakula majani, utadhani hana habari nao. Ukitaka kujua kama wamenyonya, usimwangalie mama, angalia matumbo. Mtoto aliyenyonya tumbo ni duara, limekaza, na kwa kuwa bado hana manyoya utayaona maziwa meupe chini ya ngozi. Asiyenyonya ngozi imekunjamana kama nguo iliyokamuliwa.

Mimi niliambiwa maneno hayo hayo uliyoambiwa wewe, hapa hapa Tabora mjini, mwezi wa saba, na baridi ya usiku ya mwezi huo mnaijua. Nilikuta kamoja kametoka kwenye kiota cha manyoya, kako kwenye kona ya boksi, ka baridi ukikashika. Mama sungura hamrudishi kwenye kiota mtoto aliyetoka, hana tabia hiyo, kwa hiyo kangebaki pale pale. Nikakimbilia dukani. Yule bwana hakuniuliza hata kama katoto kana joto. Akaniuzia bomba, akasema chemsha maziwa ya ng'ombe, tia sukari kidogo, kakikataa kalazimishe.

Tone la kwanza kakameza. La pili likatokea puani, povu dogo jeupe. Nikafuta, nikaendelea, si niliambiwa nilazimishe? Usiku kakawa kanapumua mdomo wazi, kifua kinatoa mlio, tik, tik. Alfajiri kalikuwa kameshakufa. Na hilo si baya kuliko yote. Yule bwana alinishauri wale wazima nao niwape "nyongeza" wakue haraka. Watoto wenye matumbo yaliyojaa maziwa ya mama yao! Nikawapa. Wakaharisha, na kabla wiki haijaisha uzao karibu wote ulikuwa umekatika, wamebaki wa kuhesabu. Hao hawakuwa na shida yoyote kabla ya mkono wangu na ushauri wa yule bwana. Mpaka leo nikipita lile duka damu inanichemka. Kuuza dawa ya minyoo hakukufanyi uwe mjuzi wa kulea sungura. Hujui, sema sijui, mteja akaulize kwingine. Na najua atakuja mtu hapa aseme kwao wanawapa mpaka uji na wanakua. Huyo mwambieni atuletee huo uzao wake tuuhesabu.

Sababu ni hii. Mtoto wa sungura anazaliwa uchi, macho yanafumbuka siku ya 10 hivi, na mwili wake hauwezi kujitunzia joto. Akipoa, tumbo linaacha kusaga na hata kumeza kunamshinda, kwa hiyo maziwa yanaingia kwenye mapafu. Halafu maziwa ya sungura ni mazito, mafuta yake yanazidi asilimia 10, ya ng'ombe ni 4 tu au chini ya hapo. Kwa hiyo hata yakifika tumboni hayamtoshi.

JOTO KWANZA, MAZIWA BAADAYE, NA MAZIWA YENYEWE NI YA MAMA. Kaweke kifuani, chini ya shati, ngozi kwa ngozi. Au jaza chupa ya plastiki maji ya vuguvugu, izungushie kitambaa, ukalaze pembeni yake. Usikapeleke karibu na jiko la mkaa, kataungua nje na ndani bado ka baridi. Subiri mpaka kawe na joto mkononi na kaanze kurusha miguu. Inaweza kuchukua muda, usiwe na haraka.

Hapo sasa watoe wale wakubwa, waweke kwenye kapu na manyoya ya mama yao. Mkamate mama taratibu, mkalishe ndani ya boksi, au mpakate, na kadogo kanyonye peke yake kabla ya wenzake. Tatizo lake si ugonjwa, ni kusukumwa. Wenzake wanawahi chuchu, kenyewe kanafika mama ameshasimama. Ukikatanguliza kila siku, tumbo linajaa na kanapata nguvu ya kugombania. Mambo ya harufu ya mkono yasikutishe. Nawa, msugue mama mgongoni kwanza, ndipo ushike watoto. Sungura aliyekuzoea hatasusa kwa hilo.

Kama jirani ana sungura aliyezaa siku moja au mbili tofauti na wako na watoto wake ni wachache, hamishia kwake wale wakubwa wawili. Usihamishe kadogo, kabaki na mama yake na nafasi iongezeke. Mimi siku hizi napandisha majike wawili siku moja makusudi, mimba ni siku 31, wakizaa pamoja nagawa watoto.

Hayo maziwa uliyokwisha chemsha kunywa wewe na chai. Kesho alfajiri kashike tumbo kabla ya kufanya jambo lolote, uje uandike hapa likoje.