Maswali na majibu: Misimu mipya ya Kiingereza

Mwanangu wa gredi ya sita, kila nikimuuliza jambo, hunijibu "six seven" huku akipandisha na kushusha viganja. Ni tusi? (Mama wa watatu, Kitengela)

Si tusi, na usijisumbue kutafuta maana, kwa sababu haina. Maneno hayo yalitoka katika wimbo wa Skrilla, msanii wa Marekani, yakabandikwa kwenye video za LaMelo Ball, mchezaji wa kikapu mwenye urefu wa futi 6 na inchi 7, na watoto wakayabeba. Mwaka 2025 kamusi ya mtandaoni ya Dictionary.com iliyateua kuwa neno la mwaka. Utamu wake ni kwamba mtu mzima haambulii kitu. Ukitaka yakome nyumbani, anza kuyasema wewe, hasa mbele ya rafiki zake.

"Rizz" ni kifupi cha nini, na linakaaje katika sentensi? (Mwanafunzi wa kidato cha tano, Morogoro)

Linaelezwa kuwa limekatwa kutoka "charisma", na maana yake ni mvuto wa kumnasa unayemtaka. Lilienezwa na Kai Cenat, kijana wa Marekani anayerusha matangazo mubashara mtandaoni, na Oxford ikalifanya neno la mwaka 2023. Kiingereza kikifupisha neno kwa kawaida hubakiza mwanzo, kama "exam", au mwisho, kama "bus" iliyotokana na "omnibus". Kubakiza katikati ni nadra, ingawa "flu" na "fridge" zilipatikana kwa njia hiyohiyo.

Sarufi ndiyo inayowaangusha wengi. "Rizz" ni nomino isiyohesabika: sema "he has rizz", usitie "a" mbele yake. Likiwa kitenzi chenye maana ya kutongoza, kwa kawaida huandamana na "up", na anayetongozwa hukaa katikati: "he rizzed her up". "Ghost", yaani kumkatia mtu mawasiliano ghafla, nalo hudai yambwa moja kwa moja: "she ghosted me", ukichomeka "from" kabla ya "me" umeharibu. Angalia sana "slay". Kumsifu mtu unasema "you slayed" na kuishia hapo. Ukiweka jina la mtu baada yake, msikilizaji anaweza kurudi kwenye maana ya kale, yaani kuua, ambayo wakati wake uliopita ni "slew".

Nani huidhinisha neno jipya liingie kamusini? (Mwalimu, Tanga)

Hakuna. Kiingereza hakina chombo cha mfano wa BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania. Watunzi wa kamusi hawaidhinishi, wanarekodi. Neno likinaswa, hukusanyiwa mifano ya maandishi kutoka vyanzo visivyohusiana: gazeti huku, kitabu kule, mazungumzo ya mtandaoni kwingine. Kisha hutazamwa kama limedumu, na kama waandishi wanalitumia bila kulifafanua, maana mwandishi akiacha kufafanua ni dalili kwamba wasomaji wanalijua. Ndipo maana huandikwa. Kamusi kubwa ya Oxford huongezewa maneno kila baada ya miezi mitatu, na neno likishaingia humo halifutwi hata likifa midomoni mwa watu.

Msichanganye hilo na "neno la mwaka". Huo ni uteuzi wa kuonyesha watu walizungumza nini, wala neno si lazima liwe jipya. "Brain rot" (kuoza kwa ubongo), lililochaguliwa na Oxford mwaka 2024, mwandishi wa Marekani Henry David Thoreau alikwisha kuliandika mwaka 1854.

Mbona "woke" wengine husifia nalo, wengine hutukania? (Msikilizaji wa redio, Mwanza)

Kwa sababu limebadilisha mikono. Mwaka 1938 mwanamuziki Lead Belly, Mmarekani mweusi, alilitumia kuwaonya weusi wenzake wawe macho wapitapo Alabama. Mwaka 1962 mwandishi William Melvin Kelley alilieleza katika The New York Times, tena akigusia jinsi wazungu wanavyoyachukua maneno ya weusi. Oxford ililiingiza kwa maana hiyo ya kuwa macho mwaka 2017, na baadaye wapinzani wa siasa za mrengo wa kushoto wakalifanya kejeli. Leo huwezi kulitafsiri kabla ya kujua anayesema yuko upande gani. Na si hilo tu: sehemu kubwa ya yanayoitwa maneno ya vijana wa TikTok, "no cap" (sidanganyi) likiwemo, yalianzia kwa Wamarekani weusi.

Natafsiri filamu. "Ghosting" na "gaslighting" niyaweke vipi? (Mtafsiri, Dar es Salaam)

La kwanza ni jepesi: "ameingia mitini". Kama bado anaonekana mtandaoni ila hajibu, "amenichunia" linatosha.

La pili lina mtego. Wengi huliandika "kudanganya", na hapo tukio zima hupotea. Lilitokana na tamthilia ya Kiingereza ya mwaka 1938, ambamo mume humfanya mkewe aamini kwamba akili zinamruka. Anayedanganya anataka uamini uongo wake. Huyu anataka usiamini macho yako mwenyewe. Andika "unataka nijione chizi", na kama nafasi ya maandishi ni finyu, "usinitie uchizi".

Naweza kuyatumia kwenye barua ya maombi ya kazi? (Mhitimu, Dodoma)

Hapana.